Ruger 10/22 ya kwanza: kipi ubadilishe, kipi ukiache

Ukiingia leo kwenye duka la silaha Ohio au Texas, Ruger 10/22 ya kawaida utaipata kwa takriban dola 300 na ushei hadi 400. Jioni hiyo hiyo ukifungua simu utaonyeshwa vipuri vyake vyenye thamani ya bunduki tatu: mtutu mzito, triga mpya, kitako cha mbao za tabaka, boliti iliyong'arishwa (kile chuma kinachosogea mbele na nyuma ndani ya bunduki), darubini, na vikorokoro vya rangi ambavyo kazi yao hasa ni kupendeza. Bunduki hii iko sokoni tangu 1964. Ni nusu-otomatiki ya .22, magazini yake ni ya kuzunguka na inabeba risasi 10, na mtutu wake umefungwa kwa skrubu mbili tu. Kwa kuwa inafunguka kirahisi hivyo, viwanda vingi vimeigeuza kuwa soko la vipuri, na mnunuzi wa mara ya kwanza hupotelea humo.

Jambo ninalolisimamia ni hili: usibadilishe kitu mpaka ujue ni nini hasa kinachokukosesha shabaha. Washukiwa ni watano, na mara nyingi makosa hufuata mpangilio huu: mpigaji, risasi, vilenga, triga, mtutu. Wengi huanza kutumia pesa kutoka mwisho wa orodha hiyo, kwa sababu mtutu mzito unaonekana kwenye picha na mazoezi hayaonekani.

Nitangulize sheria, maana msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani ana mambo yake ya kuangalia. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye makazi ya kudumu hayumo katika katazo hilo. Kisha kila jimbo lina yake: California, New York na New Jersey magazini ya risasi zaidi ya 10 hairuhusiwi, na baadhi ya majimbo hukagua hata umbo la kitako na nyuzi za skrubu kwenye mdomo wa mtutu. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Na kwa anayesafiri kwenda nyumbani: kipuri cha bunduki, hata kiwe kidogo namna gani, usikitie kwenye begi. Kukitoa Marekani kuna taratibu zake za vibali, na sheria za Kenya na Tanzania hazichezi na vipuri vya silaha.

Kabla ya kipuri chochote, nunua kabati au sanduku la chuma lenye kufuli, miwani ya kinga na vifaa vya kuziba masikio. Sauti ya .22 ni ndogo ukilinganisha na bunduki kubwa, lakini inatosha kuharibu masikio polepole. Ukimaliza kupiga, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula. Risasi nyingi za .22 ni za madini ya risasi (ledi) tupu yasiyofunikwa shaba, na vumbi lake hubaki vidoleni.

Kipimo cha kwanza: bunduki kama ilivyotoka dukani

Chukua aina tano za risasi, boksi moja la 50 kwa kila aina. Changanya: mbili za kasi ya kawaida, mbili za kasi ya juu, na moja ya mashindano ya bei ya kati. CCI Standard Velocity, ambayo risasi yake ya gireni 40 (gireni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, isikose. Na CCI Mini-Mag, ya futi 1,235, ni kipimo kizuri cha kundi la kasi ya juu. Kaa mezani kwenye uwanja wa shabaha, yadi 50. Weka mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele, wala usiuegemeze mtutu wenyewe juu ya mfuko, kisha weka mfuko mwingine mdogo chini ya kisigino cha kitako. Ukiwa na darubini ya kuazima, tumia hiyo. Kipimo hiki ni cha bunduki na risasi, macho yako yatapimwa baadaye.

Kila unapobadilisha aina ya risasi, piga 10 za kwanza bila kuzihesabu. Risasi za .22 hupakwa nta au mafuta kwa nje, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Mtutu unahitaji risasi kadhaa kabla haujazoea mafuta mapya. Baada ya hapo piga makundi mawili ya risasi 10 kwa kila aina. Kundi la risasi tatu linadanganya: matundu matatu yanaweza kukaribiana kwa bahati na ukatoka uwanjani umejisifu bure. Pima umbali wa kingo za nje za matundu mawili yaliyoachana zaidi, toa inchi 0.22 ambayo ndiyo upana wa risasi, na uandike.

Utashangaa kuona risasi moja inapiga kundi la inchi 1 na nyingine, kutoka mtutu ule ule, inatawanyika inchi 3. Huo ndio uboreshaji mkubwa kuliko wote na haujafungua hata skrubu moja. Mtutu wa kiwandani wa 10/22, ukipata risasi inayoupenda, kwa kawaida hupiga makundi ya inchi 1 hadi 2 kwa yadi 50. Linganisha na mahitaji. Project Appleseed, mafunzo ya wikendi yanayofanyika katika majimbo mengi, humtahini mpigaji kwa risasi 40 katika mita 25. Alama kamili ni 250 na anayefikisha 210 hupewa beji ya Rifleman. Kiwango kinachotakiwa pale ni kuzuia risasi zote ndani ya takriban inchi 1 kwa umbali huo, ambayo ni sawa na inchi 2 kwa yadi 50. Bunduki yako ya dukani tayari inaweza. Kama ukiiegemeza inapiga inchi 1.5 na ukilala chini bila mifuko unapata inchi 5, zile inchi tatu na nusu ni zako, na hakuna mtutu wa dola 300 utakaozirudisha.

Jambo lingine kuhusu kasi. Risasi ya futi 1,235 huanza juu ya kasi ya sauti, na kabla ya kufika yadi 100 huwa imeshuka chini yake. Katika kuvuka mpaka huo hutikiswa, na kundi hufunguka. Ndiyo sababu wapigaji wa shabaha hupenda ile ya polepole. Tatizo ni kwamba nusu-otomatiki hii inaendeshwa na msukumo wa ganda dhidi ya boliti: hakuna kitu kinachoifunga boliti isipokuwa uzito wake na springi. Risasi dhaifu sana haiisukumi boliti hadi mwisho, na ganda linabaki limesimama kwenye dirisha la kutolea. Kasi ya kawaida hufanya kazi katika bunduki nyingi. Zile zilizopunguzwa kasi zaidi ya hapo ndizo zinazoleta taabu. Risasi ikishindwa kulipuka, elekeza mtutu kwenye shabaha usubiri nusu dakika kabla ya kufungua. Kilipuzi cha .22 kimepakwa kwenye ukingo wa ganda, na pengine sehemu iliyogongwa ndiyo iliyokosa.

Vilenga, mkanda na mahali shavu linapokaa

Vilenga vya kiwandani vya 10/22 ya kawaida ni shanga ya rangi ya dhahabu mbele na jani la kukunja lenye mfuo katikati ya mtutu. Vinatosha kwa mkebe wa soda yadi 20. Kwa kazi ya makini vina kasoro mbili: umbali kati ya kilenga cha mbele na cha nyuma ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha, na kurekebisha kushoto au kulia ni kwa kugonga na nyundo. Hapa ndipo pesa ya kwanza iende.

Njia mbili ni nzuri. Ya kwanza ni vilenga vya tundu, na vinavyojulikana zaidi kwa bunduki hii ni Tech-Sights. Kipande cha nyuma kinafungwa juu ya riseva, yaani mwili wa bunduki unaobeba boliti, kwenye matundu yale yale ya darubini, cha mbele kinachukua nafasi ya shanga. Jicho linapochungulia kwenye tundu linajitafutia katikati bila kulazimishwa, na umbali kati ya vilenga unaongezeka sana. Anayejifunza kulenga, hasa kijana, hapo ndipo ningemwanzisha.

Ya pili ni darubini, lakini iwe ya .22. Tofauti si jina tu. Darubini ya bunduki kubwa husawazishwa kiwandani kwa yadi 100, na ukiitumia yadi 25 alama ya msalaba itaonekana kutembea juu ya shabaha kila jicho linaposogea. Darubini ya .22 husawazishwa takriban yadi 50. Ukuzaji wa mara 2 hadi 7 unatosha kabisa, na mara 3 hadi 9 ndio mwisho wa haja. Ya dola 30 usinunue. Hupoteza mpangilio wake taratibu na utatumia boksi nzima za risasi ukidhani ni mkono wako. Nukta nyekundu ni ya haraka na raha kwa watoto, ila angalia ukubwa wa nukta: ya dakika 6 (dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha muda) hufunika takriban inchi 3 kwa yadi 50, yaani hufunika kundi lako lote.

Skrubu nne za reli ya darubini zinaingia kwenye riseva ya aluminiamu. Safisha mafuta kwenye nyuzi, tia tone dogo la gundi ya bluu ya nyuzi (nyekundu usiiguse, kuitoa kunahitaji moto), kisha kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Aluminiamu ikishalika nyuzi, dola 10 za reli zimekuwa kazi ya fundi. Nusu ya malalamiko ya "bunduki imeacha kupiga sawa" ninayoyasikia huishia kwenye skrubu hizi nne.

Kurekebisha ni hesabu nyepesi. Darubini nyingi husogea robo dakika kwa kila mlio wa kitufe. Kwa yadi 50 huo ni mwendo wa thumuni ya inchi, kwa hiyo inchi 1 ni milio 8. Kwa yadi 25 inchi 1 ni milio 16. Weka sifuri yadi 50, yaani risasi ipige pale pale unapolenga kwa umbali huo. Kwa yadi 100 tarajia risasi kushuka inchi 6 au 7 kwa kasi ya kawaida, na chini kidogo ya hapo kwa kasi ya juu.

Wengi husahau shavu. Kitako cha kawaida cha 10/22 kimechongwa kwa vilenga vya chini. Ukiweka darubini juu ya pete ndefu za kuishikia, shavu linaning'inia hewani na jicho linatafuta picha upya kila risasi. Nunua pete fupi kadiri lenzi ya mbele itakavyoruhusu bila kugusa mtutu, halafu ongeza sponji ngumu juu ya kitako na kuifunga kwa tepu ya kitambaa. Haipendezi, lakini inafanya kazi ya kitako cha dola 150.

Mkanda nao ni kifaa cha kulengea kabla ya kuwa cha kubebea. Mkanda wa utepe wa kijeshi wa inchi 1.25, ukifungwa kitanzi juu ya mkono wa kushoto karibu na kwapa na kukazwa, huifunga bunduki na mifupa yako, na misuli inapumzika. Kwa aliyelala chini tofauti huonekana siku ile ile. Kulabu ya mbele ifungwe kwenye mbao ya kitako. Zipo zinazoshikwa na pete ya mtutu, na hizo mkanda ukikazwa huvuta mtutu wenyewe, matundu yakahama kadiri unavyokaza.

Triga: mahali pesa inapoonekana

Hapa sina kigugumizi. 10/22 ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 2.3, na triga yake ya kiwandani huhitaji msukumo wa kilo 2.3 hadi 2.7, pengine zaidi. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa bunduki nzima au kuuzidi. Bunduki haina njia ila kusogea wakati wa kufyatua, na anayejifunza anajizoesha kukunja mkono mzima badala ya kidole. Triga ya Ruger yenyewe, BX-Trigger, hushusha msukumo hadi takriban kilo 1.1 hadi 1.4, inaingia nzima bila kuchonga chochote, na bei yake ni chini kidogo au juu kidogo ya dola 100. Zipo nzuri zaidi za Volquartsen na Kidd kwa bei mara mbili au tatu. Kwa bunduki ya kwanza sioni sababu. Kabla ya kulipa, thibitisha bunduki yako haikuja nayo tayari, kwa kuwa baadhi ya matoleo huuzwa yakiwa nayo.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Tandika taulo jeupe mezani, maana pini zitaanguka. Toa magazini. Vuta boliti, chungulia chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu), kisha ingiza kidole ukaihisi. Macho peke yake hayatoshi. Risasi zote ziwe chumba kingine. Rudisha boliti mbele, na nyundo ya ndani ibaki imejikunja, wala usivute triga. Kama kuna pete mbele ya kitako, legeza skrubu yake uisogeze mbele. Fungua skrubu kubwa iliyo chini, mbele ya magazini. Sasa sukuma kitufe cha usalama hadi katikati ya safari yake, kisizidi kutokeza upande wowote. Hatua hii ndiyo inayowakwamisha wageni: kitufe kikitokeza kinakwama kwenye mbao, mtu analazimisha, na kitako kinapasuka pembeni. Inua kuanzia mdomo wa mtutu, na chuma kitatoka.

Pini mbili zinazoshika nyumba ya triga husukumwa nje kwa kidole au kijiti cha mbao. Ya tatu, ile nene iliyo nyuma ya riseva, ni ya kusimamisha boliti, na mara nyingi hujitoa yenyewe. Usivute triga nyumba ikiwa nje ya riseva; nyundo itagonga chuma kisichokusudiwa kugongwa. Weka nyumba mpya nyundo yake ikiwa imekunjwa, rudisha pini, rudisha chuma kwenye kitako ukianzia nyuma.

Kisha ukaguzi, na huu haurukwi hata kama una haraka ya kwenda uwanjani. Bunduki ikiwa tupu: usalama umewekwa, vuta triga kwa nguvu, nyundo isianguke. Ondoa usalama bila kugusa triga, nyundo isianguke. Vuta triga, nyundo ianguke. Shikilia triga nyuma, vuta boliti uiachie, kisha achia triga polepole: usikie mlio mdogo wa kujiweka upya, na nyundo ibaki imekunjwa. Mwisho gonga kisigino cha kitako kwenye zulia la mpira mara kadhaa, nyundo isianguke. Ikishindwa hata jaribio moja, bunduki haipigwi, inakwenda kwa fundi. Uwanjani, mara mbili tatu za mwanzo weka risasi mbili tu kwenye magazini.

Kuna wanaoshauri kuinyoosha triga ya zamani kwa tupa na jiwe ili kuokoa hizo dola 100. Msiwasikilize. Nyuso zinazoshika nyundo ni za kina cha unywele, na zikipotea pembe bunduki inaweza kufyatuka yenyewe ikigongwa, au kupiga zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja. Hilo ni hatari kwa uhai na ni kosa zito kisheria kwa wakati mmoja.

Na kabla ya triga mpya kufika kwa posta, fanyeni mazoezi makavu na ile ya zamani. Mwongozo wa Ruger unaruhusu 10/22 kufyatuliwa tupu. Dakika kumi kila jioni, ukutani, chumba kisicho na risasi, ukiangalia kama kilenga kinaruka wakati wa mlio, zitakufundisha zaidi ya maboksi mengi ya risasi.

Vitu vya dola 10 hadi 20

Vipo vinavyostahili. Kisukumio kirefu cha kutolea magazini, kwa matoleo yenye kitufe kifupi cha zamani, hasa anayevaa glovu au mwenye vidole vyenye baridi yabisi. Bamba la kuachia boliti kwa kuivuta tu: la kiwandani katika bunduki nyingi linakutaka ubonyeze kijiti huku ukivuta boliti, na kila mgeni hugombana nalo. Pini ya mpira mgumu badala ya ile ya chuma ya kusimamisha boliti hupunguza mlio na mtetemo unaofika kwenye darubini. Usitegemee iongeze shabaha.

Magazini za ziada ni bora kuliko hivyo vyote. Uwe na BX-1 tatu, za Ruger, ukihesabu na iliyokuja na bunduki, uziandike namba kwa rangi. Bunduki ikianza kukwama, namba hizo zitakuambia papo hapo kama kosa ni la bunduki au la magazini moja. Ndani ya magazini kuna rota inayosukumwa na springi iliyopindwa kwa kiasi maalumu. Asiyejua hesabu ya mizunguko yake asifungue, asafishe kwa kupuliza na brashi kavu. Mafuta humo ndani hugeuka gundi kwa masizi.

Kitoa ganda kilichochongwa vizuri, cha dola 10 hadi 20, kinunuliwe tu kama maganda yanabaki kwenye chemba. Hata hapo, safisha chemba kwanza kwa brashi ya shaba, kisha ujaribu risasi nyingine, kisha magazini nyingine. Mara nyingi kosa limeisha kabla hujafika kwenye kitoa ganda.

Kifaa cha kupunguza msukumo mdomoni mwa mtutu ni pesa imepotea. .22 haina msukumo wa kupunguzwa. Unanunua kelele, na katika baadhi ya majimbo unajinunulia shida na sheria.

Skrubu moja na pete moja

Kabla ya kuulaumu mtutu, shughulikia skrubu ya chini na ile pete ya mbele. Chuma cha 10/22 kinashikwa kwenye kitako na skrubu moja tu, kwa hiyo jinsi ilivyokazwa inabadilisha kundi. Azima bisibisi yenye kipimo, anza na newtoni-mita 1.7, piga kundi la 10, panda hadi 2 na kisha 2.3, ukipiga kila hatua. Bunduki nyingi zitaonyesha mahali zinapopenda. Weka alama ya rangi kwenye skrubu na mbao ili ujue ikilegea.

Pete ya mbele katika matoleo ya kawaida huubana mtutu pamoja na mbao. Mbao ikivimba kwa unyevu au mtutu ukipata moto, matundu yanapanda au kuhama. Legeza pete, piga. Itoe kabisa kama kitako kinaruhusu, piga tena. Haigharimu senti.

Safisha kwa kamba ya kuvutwa kutoka chemba kwenda mdomoni. Riseva ambayo haina tundu nyuma, na nyingi zilizoko mikononi mwa watu hazina, huwalazimisha watu kuingiza fimbo ya chuma kutoka mdomoni, na fimbo hiyo husugua ukingo wa mwisho ambao risasi huugusa inapotoka. Ukingo huo ukilika upande mmoja, kundi halirudi. Mtutu wa .22 hautaki kusuguliwa kila siku. Chemba, uso wa boliti na njia zake ndivyo vinavyokusanya masizi. Kila risasi 300 hadi 500 vipige brashi, futa, tia filamu nyembamba ya mafuta, basi.

Pesa zikiwa dola 350

Ningegawa hivi: vilenga vya tundu au darubini ya kawaida, dola 70 hadi 100, mkanda na kulabu zake, 25 hadi 30, magazini mbili za ziada, 40, risasi 1,000 za ile aina iliyoshinda kipimo, 80 hadi 100. Zilizobaki zikae mpaka risasi hizo 1,000 ziishe, ndipo zinunue triga. Asiyekuwa na subira anaweza kuitanguliza triga mbele ya magazini, sitamlaumu.

Mtutu mzito unakuja siku ambayo mifuko ya mchanga, risasi ya mashindano na triga nyepesi vyote vinakupa inchi 1 kwa yadi 50 na wewe unahitaji nusu yake, kwa sababu umeingia mashindano yanayohesabu tofauti hiyo. Siku hiyo kumbuka mambo manne. Unene wa inchi 0.920 hauingii kwenye mfereji wa kitako cha kawaida, kwa hiyo bei ya kitako kipya iwe ndani ya hesabu. Urefu usipungue inchi 16, mpaka uliowekwa na sheria ya shirikisho. Skrubu mbili za kabari inayoushika mtutu zikazwe kwa kupokezana, robo mzunguko kwa zamu, mtutu ukae sawa. Ukikaa upande, pembe ya boliti na chemba haitakutana vizuri, na risasi zitaanza kushindwa kulipuka. Na chemba ya mashindano ni ya kubana: CCI Stinger, ambayo ganda lake ni refu kuliko .22 nyingine, isiingie humo kabisa. Ganda hilo litabanwa mbele, shinikizo litapanda, na katika bunduki ambayo boliti yake haifungwi na kitu, shinikizo hilo hutokea upande wa uso wako.